Pesa za Mtoto, Kiwanja cha Wote

Anayeuza vitu kwenye viwanja vya sikukuu huiona Idi kwa upande ambao aliyevaa nguo mpya hauoni. Mimi nimeiona kwa pande zote mbili. Asubuhi nilikuwa mtoto kama watoto wengine wa Kikwajuni, nimevaa shati la kitambaa kilekile cha mashati ya ndugu zangu, maana mwanzoni mwa miaka ya 1980, jora likipatikana dukani, nyumba nzima ilivaa jora hilo. Alasiri nilikuwa nyuma ya meza ya mama mkubwa pale Mnazi Mmoja, nikiuza ubuyu, achari ya embe na juisi ya ukwaju. Tangu hapo nimehudhuria sherehe nyingi na kuwatembeza watoto wengi katika visiwa vyetu, na bado kila ninachokiona nakipima kwa meza ile.

Kazi yetu ilianza kabla ya mwezi kuandama. Sikukuu yenye tarehe ya uhakika ni rahisi kuiandalia, lakini Idi haina tarehe hadi mtu auone mwezi. Mama mkubwa alikuwa na utaratibu wake. Vitu vinavyokaa alivitengeneza katika kumi la mwisho la Ramadhani: ubuyu uliopikwa kwa sukari, iliki na rangi nyekundu, achari, kashata, visheti. Vitu visivyokaa vilisubiri tangazo. Usiku wa mwezi ishirini na tisa tulikizunguka kiredio, Sauti ya Tanzania Zanzibar ikisoma mambo mengine yote isipokuwa lile tulilolitaka. Likitangazwa kwamba mwezi umeonekana, nje watu walishangilia na sisi tukakimbilia jikoni kukamua ukwaju. Usipoonekana, mama mkubwa alisema alhamdulillah, akafunika masufuria, akaanza kuhesabu upya sukari. Sijaona hadi leo mwandaaji wa tamasha anayeweza kupanga kazi mbele ya jambo asilolijua kama alivyoweza mwanamke yule.

Tena kulikuwa na hesabu nyingine, ndefu zaidi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa kalenda ya ofisini, na kwa muda wa miaka kama 33 huwa imeshapita misimu yote. Idi ya kaskazi, jua likiwa kali, humaliza juisi kabla ya magharibi. Idi ya kusi, upepo ukiwa baridi, watu hutaka mishikaki na mahindi ya kuchoma, na mwenye juisi hurudi nayo nyumbani. Idi ya masika ni ya kuomba Mungu tu. Mnazi Mmoja ipo karibu na ule mkondo wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, mkondo ambao ulifukiwa wakati wa utawala wa Kiingereza, na mvua kubwa ikinyesha maji hutuama pale na kukataa kuondoka. Nakumbuka watoto wa kike wameshika viatu vyao vipya mkononi, wanavuka dimbwi na soksi nyeupe.

Kwa asiyezijua sikukuu zetu, niseme tu kwamba Idi ya Unguja haiishi kwa siku moja. Kuna sikukuu mosi, pili, tatu na nne, na siku zote hizo ni za watoto. Asubuhi, baada ya sala, watu wazima hutembeleana na kupelekeana sahani za biriani na pilau zilizofunikwa kawa. Watoto wao wana safari zao. Hupita nyumba za jamaa na majirani, wanatoa salamu, wanabusu mikono ya wakubwa, kisha wanasimama pale mlangoni kwa adabu iliyozidi kiasi mpaka wapewe sikukuu zao, yaani hela. Alasiri hela hizo zinaelekea kiwanjani.

Nyuma ya meza ndipo nilipojifunza kumtazama mtoto mwenye pesa. Sikukuu mosi alinunua kitu cha kwanza kilichomgonga jicho: miwani ya plastiki, filimbi, saa isiyokwenda. Sikukuu pili alikuwa ameshajua bei, akizunguka meza zote kabla ya kutoa hela. Sikukuu tatu alirudi kwenye chakula. Sikukuu nne alikuja na shilingi za mwisho, amezikunjia ngumi, akabishana nami bei ya kifuko cha ubuyu kwa ujasiri ambao mosi hakuwa nao. Hakuna aliyemfundisha. Skuli tulikuwa na hesabu za kununua na kuuza kwenye kitabu cha darasa la tatu, lakini mtoto wa Ng'ambo alizisomea Mnazi Mmoja, na ada aliilipa kwa saa isiyokwenda.

Jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa ni sharti la mama mkubwa. Mtoto akija mara ya tatu kutaka glasi nyengine, mama mkubwa alimuuliza kwanza: "Nauli unayo?" Akikuta hana, au amebakiwa na hela ya nauli tu, hakumuuzia. Alimpa ubuyu kidogo kwenye kiganja, bure, na kumwambia aende akapande gari arudi kwao. Mimi niliona tunapoteza biashara, nikamwambia hivyo. Alinijibu, "Mwanangu, hela ya sikukuu inaliwa, haimalizwi." Wauzaji wenzake walikuwa na tabia hiyohiyo, si wote, lakini wengi. Mtoto alitembea peke yake kati ya meza zile akidhani yu huru, na kweli alikuwa huru, kwa sababu kila mtu mzima aliyemwona alijihesabu kuwa mzazi wake.

Waliopotea nao waliletwa mezani kwetu. Ilikuwa inajulikana. Mtoto anayelia alikabidhiwa kwa mama mkubwa, akakalishwa juu ya sanduku la soda, akapewa kipande cha embe ya achari. Ni vigumu kulia na huku unanyonya pilipili. Mama yake alifika akihema, buibui limeteleza kichwani, akamgombeza mtoto na kumbusu kwa pumzi moja. Sikumbuki mtoto aliyelala bila kurudi kwao.

Miaka mingi baadaye mtoto wa ami yangu, anayeishi Muscat, alikuja kututembelea na familia yake. Watoto wake wanazungumza Kiswahili cha nyumbani, kile cha bibi yao, chenye maneno ambayo hata sisi tumeanza kuyaacha. Nilipewa mimi kazi ya kuwatembeza, na nikaifanya kwa dhati, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba kwetu hakujapitwa.

Tulianza na Changuu. Mashua huondokea ufukweni Mji Mkongwe na haichukui muda mrefu. Watu hukiita kisiwa cha gereza, kwa kuwa jela ilijengwa huko mwishoni mwa karne ya 19, ingawa kisiwa kilikuja kutumika zaidi kuwatenga wasafiri waliohofiwa kuwa na maradhi. Watoto hawakujali jela wala karantini. Walichokitaka ni kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 kama zawadi. Umri umeandikwa kwa rangi juu ya magamba yao, na mdogo wa watoto wale alipita akisoma namba kwa sauti kana kwamba anaita mahudhurio. Wakapewa majani ya mchicha wawalishe. Hapo wakatulia kwa muda mrefu kuliko mahali popote tulipokwenda juma lile.

Jozani ilikuwa tofauti. Ni msitu mzuri, hifadhi ya taifa tangu 2004, pamoja na Ghuba ya Chwaka, na kima punju wake hawapatikani kokote duniani ila Zanzibar. Mtembezaji alijua kazi yake. Lakini pale kanuni ni kutazama: usimguse mnyama, usimsogelee, usimlishe, usipige kelele. Kanuni hizo ni za haki, na kima wangeangamia bila ya hizo. Ila mtoto wa miaka saba aliyeambiwa "usi" mara nyingi hivyo huanza kuuliza saa ngapi tunarudi. Walichangamka tena kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, walipogundua kaa wenye gando moja kubwa na kuanza kushindana nani atawaona wengi.

Kariakoo ya hapa Unguja nako tulikwenda, kwenye kile kiwanja cha kufurahishia watoto cha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Ni mahali safi, pana taa na mashine za kuzunguka, na siku za Idi panafurika. Sina ugomvi napo. Naona tu kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi yote: inampandisha mtoto, inamzungusha, inamshusha, na baba yuko pembeni na tiketi mkononi. Mtoto wa kwanza wa binamu yangu aliniambia akiwa ndani ya gari kwamba Muscat kuna kama hizo, tena kubwa. Nilimuuliza huko kwao anapenda siku gani zaidi. Hakusema Idi. Alisema Qaranqasho, usiku wa katikati ya Ramadhani, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba na mifuko ya kitambaa kupewa peremende na karanga. Nikamwelewa papo hapo. Mfuko anaubeba mwenyewe, mlango anaugonga mwenyewe, na cha kumpa kila mwenye nyumba ameshakiweka tayari.

Jioni ile nikawapeleka Forodhani nikafanya ambalo ningefanya tangu siku ya kwanza kama ningekuwa na mamlaka: nikawagawia kila mmoja hela zake, nikawaonyesha mahali nitakapokaa, nikawaambia wakale wanachotaka. Mama yao alinitazama kama nimewauza. Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1936 kwa kumbukumbu ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na ikakarabatiwa na Taasisi ya Aga Khan hadi kufunguliwa upya mwaka 2009, lakini usiku ni jiko moja kubwa: urojo, mishikaki, piza ya Zanzibar ikikaangwa juu ya chuma, juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Kwenye ukuta wa bahari vijana wa makachu wanajirusha majini kwa mitindo isiyo na jina kitabuni. Niliwaona watoto wetu wakipita meza hadi meza, wakiuliza bei, wakirudi nyuma, wakishauriana. Mdogo alirudi na sahani ya urojo uliojaa pilipili, akaula wote machozi yanamtoka, kwa sababu alikuwa ameulipia.

Nisieleweke vibaya kuhusu matamasha makubwa. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na kila Februari, kaskazi likiwa limetulia na masika bado, inaijaza Ngome Kongwe watu kutoka pembe zote za Afrika. Imewapa vijana wetu wa muziki jukwaa ambalo wasingelipata kwa kusubiri kuitwa harusini. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa sababu ya fedha, likarudi mwaka uliofuata, na mji uliihisi kasoro ile. Hata hivyo ukitaka kujua watoto wa mtaani wanaipenda sehemu gani ya tamasha, nenda kwenye maandamano ya ufunguzi, pale beni na ngoma zinapopita barabarani bila tiketi. Wanafuata nyuma, wanacheza, wanachoka, wanarudi makwao. Mlangoni mwa Ngome mambo ni ya wakubwa.

Pemba nimeona mchezo wa ng'ombe mara chache tu, lakini sikuusahau. Wareno ndio wanaotajwa kuwa chanzo chake, na Wapemba wakauchukua wakaufanya wao: ng'ombe hauawi, anachokozwa kwa guo, zumari inalia, na anayezidiwa anapanda mti wa karibu. Watoto wameshautangulia mti huo tangu asubuhi. Hakuna aliyewawekea viti, na wao ndio wanaoona vizuri kuliko wote.

Lakini kwangu shule ya mambo haya yote ni Makunduchi. Mwaka Kogwa wa huko huja Julai, katika kusi, na chanzo chake ni Nairuzi, mwaka mpya wa Kishirazi wenye siku 365 kamili. Baadhi ya masheikh hawaupendi, wanauona si wa dini, na hoja yao inajulikana. Wenyeji nao wana yao: kwamba mtu hawezi kuingia mwaka mpya na kinyongo cha mwaka jana. Kwa hiyo katika uwanja wa Kae Kuu wanaume wa upande mmoja na wa pili wanapigana kwa magogo ya migomba. Zamani zilikuwa bakora kweli. Ni mapigano hasa, unasikia vishindo, lakini mgomba una maji, haumvunji mtu. Wanawake wamevaa vizuri, wanazunguka wakiimba mafumbo ya kuchekesha na mengine ya kuumbua. Kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto, watu wanatazama moshi unaelekea wapi, na baada ya hapo ni kula, ngoma na taarabu kwa siku kadhaa.

Niliwapeleka watoto wa Muscat huko pia. Kuna imani Makunduchi kwamba nyumba isiyo na mgeni siku ya mwaka haina heri, kwa hiyo usishangae ukiitwa na mtu usiyemjua uingie ule. Tuliitwa hivyo na bibi mmoja ambaye hakuuliza tumetoka wapi mpaka tulipomaliza kunawa. Mgeni pale hahesabiwi kuwa mtazamaji, maana nyumba inamhitaji ili mwaka wake ukamilike. Watoto wetu wa kiume walipewa vipande vya mgomba na wenzao wa kijijini, wakafundishwa mahali pa kupiga na mahali pasipopigwa, na kwa muda wa saa nzima niliwapoteza machoni. Mama yao alikuwa ameshaacha kunitazama kwa hasira. Alikuwa jikoni anakuna nazi na bibi wa watu.

Hapo ndipo nilipolielewa sharti la mama mkubwa. Sherehe nzuri kwa mtoto ina mambo mawili ambayo hayanunuliki mahali pamoja: uhuru wa kuamua mwenyewe, na watu wazima wengi wanaomjua au wanaojifanya kumjua. Ukimpa uhuru bila watu, umemtupa. Watu bila uhuru nao ni foleni tu ya kutazama vitu. Kwa hiyo bei ya mlangoni haikuambii kitu. Kobe wa Changuu wanafaulu kwa sababu ya mchicha, na Mnazi Mmoja inafaulu kwa sababu muuzaji anauliza nauli.

Na mambo hayo mawili, uhuru na watu, yanahitaji ardhi. Mji unapokua, kiwanja kitupu huonekana ni kiwanja kisicho na kazi, na daima kuna mtu mwenye mchoro wa jengo au wa maegesho. Kwa siku nyingi za mwaka atakuwa na haki: pale pana majani, mbuzi wawili na vijana wanaocheza mpira. Lakini sikukuu ya kisiwa hiki haikai ndani ya jengo. Haina tiketi, haina mdhamini, na haijawahi kuahirishwa kwa kukosa fedha. Kinachoweza kuiua ni kukosa mahali pa kusimama tu.

Kwa mzazi anayekuja Unguja na watoto, iwe anatoka Dar es Salaam, Mombasa au Muscat: panga safari yako iangukie Idi au Mwaka Kogwa, mtafute mwenyeji kabla ya kutafuta hoteli, na mpe kila mtoto hela zake mkononi, nauli ukiiweka wewe. Kubalianeni mahali pa kukutana, kisha mwache. Na kwa wanaoipanga miji yetu: Mnazi Mmoja na Kae Kuu viacheni wazi, na kila mtaa mpya unaopimwa uachieni kiwanja chake kabla nyumba ya kwanza haijajengwa.